Maungio ya ekzosi yenye klampu yasivuje kwenye gari ya tabo

Gari ya tabo, yaani yenye kile kifaa kinachozungushwa na moshi wa ekzosi kisukume hewa zaidi kwenye injini, ikianza kutoa sauti ya chi-chi-chi ukiiwasha asubuhi, afu injini ikishachemka sauti inapotea, ujue kuna sehemu ekzosi inavuja, chuma kikipata joto kinatanuka kinaziba kwa muda ndo maana huisikii tena. Wengi hapo wanakamata spana wanakaza nati, wanakaza mpaka bolti inakatika na bado inavuja. Mimi nimeshaona mara nyingi mno kwamba shida haiko kwenye nati kabisa, ni mabomba hayajakaa sawa na klampu inalazimishwa kuyavuta yakutane. Klampu ni ya kushika mabomba ambayo yameshakutana yenyewe.

Kwenye tabo hili jambo ni zito zaidi. Moshi unaoingia kwenye tabo ya injini ya petroli ukikanyaga kweli kweli unaweza kufika nyuzi 900 na kitu za Selsiasi, na bomba la chuma cha pua la mita 1 joto lake likipanda nyuzi 500 linarefuka kama milimita 8 hivi, ukizima linarudi, kesho tena, kila siku. Uvujaji ukiwa kabla ya tabo unapoteza presha ileile inayozungusha tabo, kwa hiyo nguvu inachelewa kuja. Ukiwa baada ya tabo unapata kelele, na kama ni karibu na sensa ya oksijeni hewa ya nje inanyonywa ndani, sensa inadhani mafuta ni machache basi kompyuta inaongeza mafuta bure. Halafu kuna kaboni monoksaidi, haina rangi haina harufu na inaua, ikipenya ndani ya gari hutajua, kwa hiyo usiendeshe na ekzosi inayovuja ukasema nitatengeneza mwezi ujao.

Subiri gari ipoe kabisa, inyanyue uiweke kwenye stendi, usiingie chini ikiwa imeshikwa na jeki peke yake. Angalia alama nyeusi za masizi kwenye maungio, hapo ndo inapovuja. Afu legeza klampu ZOTE kuanzia kwenye tabo mpaka nyuma, hata zile nzima, maana ukilegeza moja tu bomba linabaki limevutwa na zingine. Safisha nyuso kwa brashi ya waya na msasa laini, pitisha kidole utafute mikwaruzo na nyufa.

Sasa unganisha tena kuanzia mbele kwenda nyuma, kwa mkono tu, bila kukaza. Kama ni klampu ya V, yaani ile ya mkanda inayobana flenji mbili (zile kingo pana kwenye ncha za mabomba), flenji zinatakiwa zikutane bapa zenyewe kabla hujavalisha klampu, ukiona upande mmoja una mwanya basi acha, rudi kwenye mipira inayoning'iniza ekzosi uirekebishe au uibadilishe kama imechoka. Kama flenji zake zinatumia ringi ya gasketi weka mpya. Ukiridhika kaza kidogo, gonga mkanda kuzunguka kwa nyundo ya mpira, kaza tena, gonga tena, utaona nati inalegea kidogo kila ukigonga kwa sababu mkanda unajipanga, endelea mpaka iache kulegea. Kipimo cha kukaza fuata cha aliyetengeneza hiyo klampu. Weka grisi ya kuzuia kung'ang'ania kwenye nyuzi za bolti, ya nikeli ni nzuri kwa joto la karibu na tabo, na usitumie spana ya umeme au ya upepo kwenye bolti za chuma cha pua, zinajishika na hazitoki tena.

Maungio ya bomba kuingia ndani ya bomba ni mengine. La ndani liingie sentimita 4 au 5, na kama la nje limepasuliwa mifereji basi la ndani lipite mwisho wa mifereji, la sivyo moshi unatokea hapohapo hata ukaze vipi. Klampu ya U inabonyeza bomba, siipendi, tafuta ya mkanda mpana inayobana pande zote sawa. Bomba likishabonyea kata hicho kipande.

Silikoni ya kawaida karibu na tabo inaungua tu, na mvuke wake unaweza kuharibu sensa ya oksijeni. Pesti maalum ya ekzosi inafaa, ila huko nyuma kwenye bomba la kuingia ndani ya bomba.

Kupima: gari ikiwa baridi na imezimwa, puliza hewa kwenye tundu la nyuma kwa blowa, paka maji ya sabuni kwenye kila ungio, povu likitoka rudia. Endesha, acha ipoe, kagua ukazaji tena.

Ikirudi kuvuja palepale acha klampu, angalia maunti za injini, yaani vile vishikio vya mpira vinavyoibeba, na kile kipande cha bomba kinachojikunja. Mimi nilibadilisha klampu tatu kwenye ungio moja kumbe maunti imekatika, injini ikiruka inavuta ekzosi yote. Handibreki juu, mwenzako akanyage breki kwa nguvu abadilishe gia D na R taratibu, kama ni otomatiki, wewe simama pembeni, usikae mbele wala nyuma ya gari, injini ikinyanyuka sana anza na maunti.