Jiko la gesi linagoma kuwaka? Angalia haya kabla hujamuita fundi

Ile ta-ta-ta-ta ya cheche halafu moto hauji, na kila ukiendelea kubonyeza ndo harufu inazidi, hapo ndo watu wengi wanapokosea. Mtu anaacha swichi ya jiko wazi anaenda sebuleni kutafuta kiberiti, anarudi anawasha, nyusi zinaondoka. Kwahiyo maandalizi ya kwanza kabisa sio vifaa, ni kujiwekea sheria kwamba jiko likigoma unafunga swichi, unafungua mlango na madirisha, unasubiri kama dakika 5 hivi ndo unajaribu tena. Kama ni oveni mlango wake unauacha wazi muda wote huo, maana gesi ikishajaa mle ndani haina pa kutokea. Na ukija na kiberiti, washa kiberiti kwanza ndo ufungue gesi, sio kinyume chake, hili linasemwa kila siku na bado watu wanafanya kinyume.

Kwanini nasisitiza mlango na sio dirisha tu? Gesi ya mtungi ni propani na butani, na zote mbili ni nzito kuliko hewa, kama mara moja na nusu mpaka mara mbili. Haipandi juu. Inashuka inatambaa sakafuni, inajificha chini ya kabati, kwenye kona, inaweza hata kufika chumba cha pili. Nyumba za Dar na Mtwara zilizounganishwa na gesi asilia ya bomba mambo yao ni tofauti kidogo, ile ni nyepesi inapanda darini, kwahiyo wao dirisha la juu ndo linawasaidia zaidi.

Alafu jua kutofautisha jiko lililogoma na gesi inayovuja. Gesi yenyewe haina harufu, ile ya kama kitu kilichooza wanaiweka makusudi ili uishtukie. Ukiisikia na hujawasha chochote, achana na habari za jiko. Funga mtungi, toeni watoto nje, usiguse swichi ya taa iwe kuwasha au kuzima kwasababu zote mbili zinaweza kutoa cheche, na kumbuka friji linajiwasha lenyewe bila kukuuliza, kwahiyo kama meni swichi iko nje kata umeme hapo hapo nje. Simu unapiga ukiwa umeshatoka. Tanzania zimamoto ni 114, isevu kabisa leo maana siku hiyo akili inaweza isikumbuke.

Vitu vya kuwa navyo jikoni ni vichache na vya bei ndogo. Kiberiti cha shingo ndefu, betri za akiba, tochi (mshumaa hapana jamani), mswaki wa zamani, sindano au waya mwembamba wa kuzibulia matundu ya pleti, kitambaa kikavu, na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Toothpick watu wanaipenda ila inakatikia ndani ya tundu, unaongeza tatizo.

Sasa jiko lenyewe. Moto unataka gesi, hewa na cheche, na mimi naamini kabisa kuanza na gesi kwasababu majiko mengi yanayoitwa mabovu hayana ubovu wowote, tatizo liko kabla ya jiko. Jaribu pleti zote moja moja. Zote hazitoi gesi? Angalia mtungi, regyuleta (kile kifaa cha kupunguza presha kinachofungwa kwenye mdomo wa mtungi) na mpira. Moja tu ndo haitoi? Basi tatizo ni la hiyo hiyo. Gesi inatoka na kwa kiberiti inawaka vizuri ila cheche hamna, hilo ni la umeme au betri, na unaweza kupika chakula chako bila presha.

Kwenye mtungi kuna kitu kinawadanganya wengi, ile regyuleta yenye saa. Mtu anaangalia mshale uko kwenye kijani anasema gesi ipo. Ile saa inapima presha sio kiasi, na presha ya mtungi inabaki karibu ile ile mpaka gesi ya maji (ile iliyo kimiminika) iliyoko ndani iishe kabisa, ndo ghafla mshale unaanguka. Njia ya uhakika ni mzani. Kwenye mtungi kumeandikwa uzito wake ukiwa mtupu, pima, toa, utajua kilichobaki. Mtungi wa kilo 6 ukiwa umejaa unatakiwa uzidi huo uzito mtupu kwa kilo 6, na hapo hapo unaweza kumpima muuzaji pia, dukani kabla hujalipa, wala usione aibu.

Hizo hizo regyuleta za saa nyingi zina kitufe juu au usalama wa ndani unaofunga gesi ukifungua ghafla. Umebadilisha mtungi, jiko haliwaki, mtungi umejaa, unaanza kumlaumu wakala wa watu. Funga swichi zote za jiko na mtungi, kisha fungua mtungi taratibu, bonyeza kile kitufe kama kipo, ndo ujaribu. Angalia na kile kimpira kidogo cheusi kinachozibia kati ya regyuleta na mtungi, kikichanika au kikikosekana gesi inavujia hapo. Usiweke kimpira cha bomba la maji, tafadhali sana.

Kwa wanaoishi kwenye baridi, Njombe, Makete, kule Limuru, moto ukiwa dhaifu alfajiri na mchana unakuwa poa inawezekana mtungi hauna shida. Butani inaacha kugeuka mvuke ikikaribia nyuzi 0, wakati propani inaenda mpaka nyuzi 42 chini ya sifuri, kwahiyo mchanganyiko wenye butani nyingi unakuwa mvivu kwenye baridi. Usiupashe mtungi moto, na usiulaze eti upate ile ya chini, ukiulaza gesi ya maji inaingia kwenye regyuleta na kwenye jiko, moto unaruka juu mpaka kwenye pazia.

Mpira unaupima kwa povu la sabuni. Swichi za jiko zote zimefungwa, mtungi uko wazi, paka povu kwenye maungio yote na urefu wa mpira, mapovu yakianza kukua hapo ndo panavuja. Mpira wenye nyufa ukiukunja, au uliokuwa mgumu, au unaopita nyuma ya oveni kwenye joto, huo wa kubadilisha tu, sio wa kufunga selotepu. Angalia pia haujabanwa na mguu wa jiko, hii inatokea sana baada ya kudeki.

Tukija kwenye cheche, jua jiko lako ni la aina gani kabla halijagoma. Kuna yale unabonyeza linatoa mlio mmoja wa "tak", hilo halina betri wala umeme, ndani kuna kikristali kinagongwa kinazalisha volti maelfu. Kuna ya betri, mara nyingi kibetri kimoja cha AA kimefichwa chini ya jiko na mwenye nyumba hajui hata kipo. Na kuna ya kuchomeka ukutani, hayo umeme ukikatika hayana cheche ila pleti za juu utawasha kwa kiberiti. Oveni usiilazimishe, soma kwanza kitabu chake kinasemaje.

Cheche zipo ila haziwashi? Mara nyingi ni unyevu. Uji umefurika, maharage yamefurika, au umeosha jiko vizuri kupita kiasi. Cheche inatakiwa iruke kutoka kwenye kile kijiti chenye kauri nyeupe kwenda kwenye chuma cha pleti, ni nafasi ya milimita chache tu, kukiwa na maji au mafuta inapita njia nyingine. Futa, sugua na mswaki, acha ikauke kabisa. Na kile kifuniko cha pleti kikikaa upande, gesi inatokea sehemu ambayo cheche haifiki, unakirudisha vizuri na jiko "limepona".

Habari ya hewa ni fupi. Moto wa bluu ndo tunautaka. Ukiwa wa njano na sufuria zinapata masizi, matundu yameziba au hewa haiingii, na moto huo unaweza kutoa kaboni monoksaidi ambayo hauisikii kwa pua. Kama jiko ni la mtumba kutoka Ulaya, uliza kabla hujanunua kama lilikuwa la gesi ya bomba, maana nozeli zake (vile vipande vyenye kitundu kinachotoa gesi kwenda kwenye pleti) zina tundu kubwa kuliko za mtungi. Likifungwa hivyo hivyo moto unakuwa mkubwa wa njano, na dawa yake ni kubadilisha nozeli, sio kupunguza swichi.

Mwisho kuna oveni na hita za maji za gesi, zile zenye kimoto kidogo kinachowaka muda wote. Malalamiko ni yale yale, "nikiachia swichi kinazima". Pembeni ya kimoto kuna kijiti cha shaba kinaitwa themokapo, kikipata joto kinatoa umeme mdogo sana, milivolti 20 au 30 hivi, unaoshikilia vali ya gesi iwe wazi. Kimoto kikizimika kijiti kinapoa, vali inajifunga yenyewe. Kwahiyo bonyeza na ushikilie, oveni sekunde 10 mpaka 15, hita inaweza kufika nusu dakika na zaidi, wengi wanaachia mapema. Kama bado, angalia kijiti hakina masizi na kiko ndani ya kimoto. Usikifunge kwa waya ili vali isijifunge, nimeona mafundi wa mtaani wanafanya hivyo, hiyo ni kuondoa ulinzi pekee uliopo. Zile hita za kisasa zinazojiwasha ukifungua bomba zina betri mbili kubwa, na zinataka presha ya maji, tanki likiwa chini sana haiwaki hata betri ziwe mpya. Na hita hiyo ikae nje ya bafu, sio ndani.

Nozeli, vali, regyuleta kufunguliwa ndani, themokapo mpya, hizo ni kazi za fundi anayejua gesi. Ukimpigia usiseme tu jiko bovu. Mwambie pleti ngapi haziwaki, cheche zipo au hamna, kwa kiberiti inawaka au haiwaki, rangi ya moto, mtungi umebadilishwa lini, na mtumie picha ya kile kibandiko cha nyuma chenye modeli ili aje na spea yake mkononi.