Alama za SAT Zinapogota

Wanafunzi wa S6 (kidato cha sita) nchini Uganda wanaojiandaa kwa mtihani wa SAT ili waombe nafasi katika vyuo vikuu vya Marekani huwa na malalamiko yanayofanana: wiki za mwanzo alama za majaribio zilipanda bila taabu, kisha zikagota, tuseme kwenye 1250, na tangu hapo haziendi mbele hata mtu akikesha. Wengi hufanya kile walichozoeshwa tangu shule ya msingi, yaani kutafuta karatasi nyingine na nyingine, wakiamini kwamba atakayemaliza nyingi ndiye atakayefaulu. Kwa mitihani ya UNEB, bodi ya mitihani ya taifa ya Uganda, zoea hilo lina faida, kwa kuwa mitindo ya maswali hujirudia na msahihishaji hutoa alama hata kwa hatua za kazi. SAT haisomi hatua zako, inachukua jibu la mwisho tu, na anayefanya jaribio zima kila wiki bila kuchunguza makosa yake anajizoeza kukosea vilevile kwa kasi zaidi.

Kabla ya kubadilisha lolote, hakikisha kwamba alama zimekwama kweli. Matokeo huanzia 400 hadi 1600, yakiwa jumla ya sehemu mbili, Kusoma na Kuandika kwa upande mmoja na Hisabati kwa upande mwingine, na mtu yuleyule anaweza kupata 1230 Jumamosi hii na 1260 Jumamosi ijayo bila kuwa amejifunza wala kusahau chochote. Kwa hiyo yatazame majaribio matatu ya mwisho kwa pamoja, tena sehemu kwa sehemu, maana mara nyingine jumla husimama kwa sababu Hisabati inapanda huku Kusoma kukishuka. Jaribio lililoanzwa usiku, likakatizwa na umeme, kisha likamaliziwa kesho yake, usilihesabu kabisa.

Ukishathibitisha, acha majaribio kamili kwa wiki tatu hivi. Ushauri huu huwaudhi wanafunzi, na wazazi waliolipia mafunzo huudhika zaidi, lakini majaribio rasmi yaliyomo katika Bluebook, programu ambayo SAT yenyewe hufanyiwa, ni machache, na kila unalolimaliza kabla ya kubadilika ni kipimo ulichokipoteza. Rudi kwenye yale uliyokwisha kuyafanya, fungua daftari, na kila swali ulilokosa, pamoja na kila ulilopata kwa kukisia, uliandikie sentensi moja inayoeleza kwa nini jibu baya lilikushawishi. Usiandike “sikuwa makini”, kwa sababu maneno hayo hayakuambii la kufanya kesho.

Chukua swali jepesi: ikiwa 3x + 5 = 20, thamani ya 6x ni ngapi? Mwanafunzi anapata 3x = 15, anagawanya, anaona x = 5, na kwa kuwa 5 imo miongoni mwa majibu, anaichagua. Jibu ni 30, tena lingepatikana kwa kuzidisha 15 kwa 2 bila kuitafuta x kabisa. Huyu hasaidiwi na zoezi jingine la milinganyo. Anachohitaji ni mazoea ya kuandika pembeni kile kinachoulizwa kabla ya kuanza kukokotoa, na kukitazama tena kabla ya kuchagua. Ukishaandika makosa thelathini au arobaini kwa namna hii, yatajipanga yenyewe katika mafungu: ya kutojua mada, ya kusoma swali vibaya na ya kuishiwa muda. Walimu wengi wa ziada hushughulikia fungu la kwanza tu, nalo, kwa mtu aliyekwisha kuvuka 1200, mara nyingi ni dogo kuliko anavyodhani.

Makosa ya kusoma vibaya yana gharama kubwa kuliko yanavyoonekana, na sababu imo katika muundo wa mtihani wenyewe. Tangu mwaka 2023, SAT ilipohamia kwenye kompyuta kwa watahiniwa wa nje ya Marekani, kila sehemu ina moduli mbili, yaani vipande viwili vya maswali vinavyofuatana, na matokeo yako katika moduli ya kwanza ndiyo yanayoamua kama ya pili itakuwa ngumu au nyepesi. Anayepelekwa kwenye nyepesi hawezi kufikia alama za juu kabisa hata akipata maswali yake yote. Ndiyo maana mwanafunzi hodari anayekimbilia maswali magumu ya mwisho, akadondosha matatu au manne mepesi njiani, anaweza kubaki mahali pamoja kwa miezi akidhani kwamba kinachomshinda ni ugumu. Hisabati ina dakika 35 kwa maswali 22 ya kila moduli, yaani takriban sekunde 95 kwa swali. Tenga dakika tatu za mwisho urudie yale uliyoyaona rahisi mno, na yaliyokushinda uyakisie, kwa sababu jibu baya halipunguzi alama.

Fungu la muda nalo, kwa wanafunzi wetu, mara nyingi hutokana na uhodari. Aliyesoma hisabati ya UACE, mtihani wa taifa wa kumaliza S6, akiulizwa ni kwa thamani gani ya c mstari y = c utagusa y = x² − 6x + 14 mahali pamoja tu, atakamilisha mraba hatua kwa hatua, kwa mwandiko mzuri, na atapata jibu sahihi akiwa amechelewa. Kikokotoo cha Desmos kimo ndani ya mtihani: andika mlinganyo, grafu itaonyesha kipeo kwenye (3, 5), na c ni 5. Hakuna atakayekupongeza kwa kukokotoa kwa mkono.

Katika Kusoma na Kuandika, ambako kuna dakika 32 kwa maswali 27 ya kila moduli, jibu baya linalovutia zaidi ni lile ambalo ni kweli duniani lakini halikusemwa na kifungu. Ficha majibu kwa kiganja, jijibu mwenyewe kwanza kwa maneno mafupi, hata kwa Kiswahili au Kiganda, ndipo ulinganishe. Maswali ya sarufi yana kanuni chache zinazojifunzika kwa wiki mbili. Jihadhari tu kwamba Kiingereza chetu cha shule kinafuata Uingereza, ambako timu au kamati yaweza kupewa kitenzi cha wingi, hali SAT inataka umoja.

Mazoezi ya wiki hizo tatu yachukue kutoka benki ya maswali ya College Board, shirika linaloandaa SAT, ambayo ni ya bure na hukuruhusu kuchuja kwa mada na kwa ugumu, au kutoka tovuti ya masomo ya Khan Academy. Mahali bando linapokuwa tatizo, pakua maswali yote ya mada moja kwa siku moja uyafanye nje ya mtandao. Simu yatosha kwa mazoezi haya, lakini Bluebook inahitaji kompyuta au tableti, kwa hiyo ikibidi azima moja mapema, uizoee.

Kisha fanya jaribio moja kamili, asubuhi, kwa muda wa saa mbili na dakika 14, bila kuhesabu mapumziko mafupi ya katikati. Usitazame jumla kwanza. Hesabu ni makosa mangapi yamebaki katika fungu ulilolishughulikia. Yakiwa yamepungua, hata kama jumla imeongezeka kidogo tu, endelea na fungu linalofuata. Yakiwa yaleyale, sentensi zako za daftari hazikugusa sababu yenyewe, na ziandikwe upya pamoja na mtu mwingine anayekuuliza maswali.

Kuhusu tarehe, mitihani ya SAT ya Oktoba hadi Desemba huangukia karibu na UACE, hivyo ya Machi ndiyo humpa mwanafunzi wa S6 muda wa kutosha wa kazi hii. Vyuo kadhaa huunganisha alama bora ya kila sehemu kutoka tarehe tofauti. Soma masharti ya udahili ya chuo unachokitaka kabla ya kulipa ada ya mara ya pili, kwa sababu huenda ukahitaji kuinua sehemu moja tu.