Somo: Umesoma, unajua, ila pepa ikifika mezani akili inaganda

Mwaka wa pili chuoni nilikaa na pepa ya takwimu karibu nusu saa bila kuandika hata namba yangu ya usajili. Viganja vimelowa jasho, moyo nausikia masikioni, na swali la kwanza ni lile lile nililomwelekeza mwenzangu usiku wa jana yake. Nilibeba sapu, yaani mtihani wa marudio. Ninayoyaandika hapa nimeyapitia.

Kinachotokea ni hiki: ubongo umeona hatari, mwili unamwaga adrenalini, moyo unakwenda mbio, tumbo linasokota. Mwaka 1967 watafiti Liebert na Morris waliigawa hofu ya mtihani mafungu mawili: mshtuko wa mwili, na wasiwasi wa kichwani, ule wa "nikidisko (nikiondolewa chuo kwa kufeli) nitamwambia nini mama?" Linaloharibu matokeo zaidi ni hilo la pili. Akili iliyotakiwa kukokotoa swali inakuwa imejaa mama, ada na mkopo.

Hatua ya 1: funga madesa (notsi zako), jiulize. Anza wiki tatu kabla ya UE, mtihani wa mwisho wa muhula. Ukisoma desa mara tano unalizoea, na kulizoea kunakudanganya kwamba unalijua. Soma mara moja, lifunge, chukua karatasi tupu uandike unachokumbuka, ndipo ufungue kuona ulichoacha. Inachosha na inakera, lakini mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, walionyesha kwamba waliojifunza kwa kujikumbusha namna hii hawakupoteza kumbukumbu hata walipotiwa msongo. Waliorudia kusoma tu walipoteza.

Hatua ya 2: izoeze hofu yenyewe. Hii ndiyo iliyoniokoa, na ndiyo watu wanayoiruka. Chukua mtihani wa mwaka wa nyuma. Tafuta darasa tupu, siyo kitandani. Simu iache kwa rafiki, saa weka mezani, na kama pepa ni ya saa tatu, kaa saa tatu. Mwombe mwenzako apite pite nyuma yako kama msimamizi. Mara ya kwanza nilitetemeka ingawa nilijua ni mazoezi. Mara ya nne mwili ulikuwa umechoka kuogopa kiti na karatasi. Fanya hivyo mara nne au tano kwa somo linalokutisha kuliko yote, mengine yatafuata.

Hatua ya 3: usiku wa mwisho, lala. Uliyosoma mchana yanajipanga kichwani ukiwa usingizini. Kahawa ya saa nne usiku, takriban nusu ya nguvu yake bado imo mwilini saa tisa alfajiri, nayo kahawa huongeza mapigo ya moyo na kutetemeka, mambo yale yale unayoyakimbia.

Hatua ya 4: asubuhi, imwage hofu kwenye karatasi. Dakika kumi, andika kila unachokiogopa bila kujali mwandiko, kisha chana. Ramirez na Beilock wa Chuo Kikuu cha Chicago walilijaribu hili (2011), na wanafunzi wenye hofu kubwa walipata alama bora zaidi. Halafu kaa mbali na vikundi vya mlangoni vinavyoulizana "hii uliisoma?"

Hatua ya 5: ndani. Nyayo zote mbili sakafuni. Vuta pumzi ukihesabu nne, itoe ukihesabu sita, mara tano. Andika namba ya usajili, kisha kanuni unazohofia kusahau. Anza na swali unaloliweza, hata kama ni la saba.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo dada. Rafiki kanishauri nimeze propranololi kabla ya pepa, anasema mikono haitatetemeka.*

Marahaba mdogo wangu. Usimeze bila daktari. Ni kweli inapunguza mapigo na kutetemeka, ila kwa mwenye pumu inaweza kuleta shambulio kubwa, tena wasiwasi wa kichwani utabaki pale pale.

*Mimi natapika kila asubuhi ya UE. Muhula uliopita nilitoka nje na sikurudi.*

Pole sana. Hapo hatua zangu peke yake hazitoshi. Nenda zahanati ya chuo na ofisi ya mshauri wa wanafunzi sasa, kabla ya ratiba kutoka. Yapo matibabu ya mazungumzo yanayosaidia hofu ya aina hii. Vyuo vingi vina utaratibu wa kuahirisha mtihani kwa sababu za kiafya, ila wanataka barua ya daktari mapema. Siku ukizidiwa, usiende hosteli kulala. Nenda zahanati siku hiyo hiyo, uandikiwe.

*Mama anasema nimetupiwa jicho, nirudi nyumbani niombewe. Nimwambieje?*

Usibishane naye. Dua yake ipokee, ni mama. Mwambie pia unavyojisikia mwilini na kwamba unakwenda zahanati. Wazazi wengi huona mtoto kafeli tu. Hawajui kwamba alikaa anatetemeka na majibu yamo kichwani.

*Dada, ile sapu ulipita?*

Nilipita, kwa C, ndiyo ya juu kabisa kwa sapu pale kwetu. Mikono ilitetemeka dakika kumi za mwanzo. Niliandika hivyo hivyo, ukurasa wa kwanza mwandiko umepinda, wa pili ukanyooka.