Mashine ya uzi ya kufyekea nyasi: kuichagua, kuitunza na kuinusuru miche

Katika mashamba ya michungwa ya Muheza, mkoani Tanga, mvua za masika zinapokolea kati ya Machi na Mei, nyasi hufika kiunoni ndani ya majuma machache, na mkulima mwenye fyekeo la mkono humaliza upande mmoja wa shamba na kukuta ule alioanzia umekwisha kuota upya. Ni kwa sababu hiyo wengi wameigeukia mashine ya petroli inayozungusha uzi wa nailoni badala ya kisu. Nimezikagua mashine hizi pamoja na wakulima kwa muda mrefu, na nimejiridhisha kwamba nyingi hazifi kwa uchakavu. Huuawa na makosa machache ya kila siku, tena yanayozuilika kwa gharama isiyofikia bei ya plagi moja. Lipo pia kosa baya zaidi, nalo ni la mashine nzima, iliyotunzwa vizuri, kuua miche ile ile ambayo mashine ilinunuliwa iisafishie shamba.

Kabla ya kuuliza ukubwa wa injini, tazama nyasi zako. Kwa ua wa nyumba, kingo za bustani na ukoka wa kawaida, mashine ya cc 25 hadi 35 inatosha, na uzito wake wa kilo tano au sita humwezesha mtu kufanya kazi asubuhi nzima bila kuumiza mgongo. Shamba lenye nyasi ndefu za mabua magumu na vichaka vinavyochipua linahitaji cc 40 au zaidi, na hapo tafuta mashine yenye bomba lililonyooka, mpini wa mikono miwili ulio kama usukani wa baiskeli, na mikanda ya kuvaa mabegani. Wapo wanaovutiwa na namba kubwa wakanunua cc 52 kwa ajili ya ua wa hatua thelathini, kisha mashine hiyo nzito, inayokunywa mafuta mengi, ikaishia kukaa stoo kwa sababu hakuna mtu wa nyumbani anayetaka kuibeba.

Injini zenyewe ni za aina mbili. Nyingi ni za mipigo miwili, zile ambazo oili huchanganywa ndani ya petroli, na ni nyepesi na rahisi kutengenezeka. Za mipigo minne zina sehemu yake ya oili, hivyo petroli huwekwa peke yake. Mfano ni injini ya Honda GX35 yenye cc 35.8, ambayo huchukua mililita 100 tu za oili, na oili hiyo hubadilishwa baada ya saa 10 za kwanza za kazi na baadaye kila baada ya saa 50. Kwa mtu ambaye mashine yake hushikwa na vibarua tofauti kila msimu, ningemshauri achukue ya mipigo minne hata kama bei yake ni kubwa zaidi, kwa kuwa kosa la kuchanganya mafuta linaondoka kabisa, ilimradi yeye mwenyewe aangalie kipimo cha oili kila asubuhi kabla ya kuiwasha.

Jambo ambalo ningelitanguliza hata mbele ya bei ni vipuri. Nenda kwanza kwa fundi aliye karibu nawe, umuulize ni mashine zipi anazozifungua mara kwa mara na kama plagi, chujio la hewa, kamba ya kuwashia, kipira cha kusukumia mafuta na tando za mpira za kabureta zinapatikana mjini kwenu. Utando wa kabureta ukikakamaa, na lazima siku moja utakakamaa, mashine haitapokea mafuta sawasawa, na kama kipuri hicho hakipo utabaki na chuma. Dukani, omba mashine iwashwe mbele yako. Ikiwa inanguruma taratibu katika sailensa, yaani mwendo wa chini kabla ya kubonyeza resi, kichwa cha uzi hakitakiwi kuzunguka. Kikizunguka bila wewe kubonyeza resi, ama sailensa imewekwa juu mno ama klachi inang'ang'ania, na muuzaji airekebishe kabla hujatoa fedha.

Sasa nije kwenye mafuta, maana ndiko mashine nyingi zinakofia. Katika injini ya mipigo miwili, mchanganyiko wa petroli na oili hupitia chini ya pistoni kabla ya kuungua, na oili hiyo ndiyo pekee inayolainisha pistoni, silinda na beringi zinazozunguka maelfu ya mara kwa dakika. Mkulima mmoja aliniletea mashine aliyoitumia msimu mmoja tu. Kamba ya kuwashia ilivutika laini mno, kana kwamba hakuna kitu ndani. Tulifungua ekzosi, tukamulika tochi ya simu kwenye tundu la silinda, na pale tukaiona pistoni: ubavu uliopaswa kung'aa kama mgongo wa kijiko ulikuwa umejaa mikwaruzo ya wima, mingine mirefu kutoka juu hadi chini, na pete ya juu ilikuwa imegandamana kwenye mfereji wake. Nilipomuuliza jinsi anavyopima oili, alinionyesha kifuniko cha chupa ya maji ya kunywa, akasema huweka kimoja kwa kila lita. Tulikijaza kifuniko kile, tukakipima kwa bomba la sindano, nacho kilibeba mililita sita. Kijitabu cha mashine ile kilitaka arobaini.

Kwa hiyo soma kijitabu au kibandiko kilicho kwenye tangi, na ukifuate. Kikisema 50 kwa 1, lita moja ya petroli huhitaji mililita 20 za oili. Kikisema 40 kwa 1, ni mililita 25. Na kikisema 25 kwa 1, kama zilivyo mashine nyingi za bei nafuu, ni mililita 40. Bomba la sindano la mililita 20 linalouzwa kwenye maduka ya dawa za mifugo ni kipimo bora kuliko kifuniko chochote. Weka nusu ya petroli kwenye dumu safi, mimina oili, tikisa, ongeza petroli iliyobaki, kisha tikisa tena. Usichanganyie ndani ya tangi la mashine, kwa sababu oili hutangulia kuingia kwenye mrija kabla haijayeyuka. Kuongeza oili kupita kiasi kwa nia ya kuilinda mashine nako si salama, kwani masizi huziba ekzosi na plagi huloa isitoe cheche.

Oili nayo ina aina zake. Oili ya injini ya gari haifai hata kidogo kwa mchanganyiko huu, kwa kuwa haikutengenezwa kuungua pamoja na petroli. Katika pwani yetu kuna mtego mwingine: oili ya injini za boti, iliyoandikwa TC-W3, hupatikana kirahisi na wakulima huichukua wakiamini kwamba 2T zote, yaani oili za mipigo miwili, ni moja. Oili hiyo ilitengenezwa kwa injini zinazopozwa na maji, ilhali mashine ya kufyekea hupozwa na hewa na joto lake hupanda zaidi. Tafuta chupa iliyoandikwa alama ya ubora ya JASO FC au FD, au API TC. Petroli inunue kwenye kituo badala ya chupa za barabarani, ambazo huenda zimeingia maji au mafuta ya taa. Changanya kiasi cha kutosha majuma mawili au matatu tu, na usiendelee kutumia mchanganyiko uliokaa zaidi ya mwezi.

Baada ya mafuta, kinachoichosha injini ni kuondolewa kwa kinga ya kichwa. Vibarua huiondoa wakisema nyasi zinajisokota ndani yake, na ni kweli hujisokota. Lakini kinga hiyo ina kijisu kidogo cha kukata uzi unaozidi urefu wake. Kinga ikitoka, uzi hubaki mrefu, injini hulazimika kusukuma duara kubwa kuliko uwezo wake, mzunguko hushuka, klachi huteleza na kupata moto, na mawe yaliyokuwa yakizuiwa huruka moja kwa moja kuelekea miguuni na usoni mwa mfyekaji. Nyasi zikijisokota, zima injini, ngoja kichwa kisimame, ziondoe kwa mkono wenye glavu.

Uzi wa milimita 2.4 unafaa mashine ndogo, na wa 2.7 au 3.0 unafaa injini za cc 40 na kuendelea. Mnene kuliko ulioelekezwa huilemea injini. Nailoni iliyokaa muda mrefu kwenye stoo yenye joto hukauka na kukatika ovyo, hivyo loweka kiasi utakachotumia ndani ya maji usiku kucha kabla ya kuuzungusha kwenye kichwa. Kwa vichaka, badilisha ufunge kisu cha chuma pamoja na kinga inayokusudiwa kisu hicho. Kamwe usifunge waya au vipande vya mnyororo mahali pa uzi. Kipande kikikatika huruka kama risasi, na vifaa vya namna hiyo viliua mtu Uingereza mwaka 2010, jambo lililoufanya Umoja wa Ulaya mwaka 2012 uzitake nchi wanachama wake zizuie kuuzwa kwa vichwa vya minyororo.

Mashine ya uzi ilibuniwa Houston, Texas, mwaka 1971 na George Ballas, aliyetaka kukata nyasi zilizozunguka miti yake bila kuumiza magome. Kwa mti mkubwa wenye gome gumu lengo hilo linafikiwa. Kwa mche wa mchungwa wa miaka miwili, mambo ni tofauti kabisa. Gome lake ni jembamba, na chini yake tu ndipo hupita chakula kinachotoka kwenye majani kwenda kwenye mizizi. Uzi ukizungukia shina mara moja, hukata njia hiyo. Majani hubaki ya kijani kwa wiki kadhaa, pengine miezi, kwa sababu maji bado yanapanda kupitia mti wa ndani, na mkulima hahusishi kabisa ule ufyekaji wa masika na mche unaopata manjano baadaye. Fukua udongo kidogo kwenye kola ya mche wa namna hiyo, yaani pale shina linapoingia ardhini, utakuta pete ya kahawia iliyokauka, upana wa kidole. Hata jeraha dogo lisilozunguka shina ni mlango wa ugonjwa wa kuoza kola na kutoa utomvu, unaoletwa na vimelea vya Phytophthora vilivyomo udongoni, na miche yetu mingi imebebeshwa kwenye mashina ya limau ambayo hayauvumilii vizuri.

Palilia kwa mkono duara la nusu mita kuzunguka kila mche, na mita moja mti unapokua, kisha tandaza nyasi zilizofyekwa ndani ya duara hilo ukiacha nafasi ya kiganja kati ya matandazo na shina. Mashine isivuke ukingo wa duara. Anayetumia vibarua na azungushie mashina vipande vya mianzi au chupa kubwa za plastiki zilizopasuliwa kwa urefu. Ifahamike pia kwamba mashine hufyeka, haipalilii: ndago na sangari huchipua kutoka kwenye vinundu na mizizi ya chini, hivyo palipojaa magugu hayo jembe bado lina kazi yake. Nyasi nyingine zikate kabla hazijatoa mbegu, ukibakiza urefu wa kidole ili udongo wa mteremko usibaki mtupu.

Mfyekaji avae miwani ya kinga, gambuti, suruali ndefu na vizibo vya masikio, na watu wengine wakae umbali wa mita 15.

Kila jioni ondoa nyasi kwenye matundu ya kupozea injini, na safisha chujio la hewa. La sponji lioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, likaushe, ulipake tone la oili. Kila baada ya saa 25 angalia grisi kwenye gia ya kichwa, na fungua plagi: rangi ya kahawia ni njema, weusi unaoloa unaonyesha oili nyingi au choki (kizuia hewa cha kuwashia injini ikiwa baridi) iliyosahauliwa, na weupe unaonyesha injini inaungua kwa joto. Nafasi ya cheche iwe milimita 0.6 hadi 0.7, isipokuwa kijitabu kielekeze vingine.

Mvua zikiisha, mwaga mafuta yote kutoka kwenye tangi, washa mashine hadi izime yenyewe ili kabureta ikauke, fungua plagi, dondosha matone machache ya oili ya 2T ndani ya silinda, vuta kamba taratibu mara mbili au tatu, rudisha plagi, na itundike mashine mahali pakavu hadi vuli.