Jinsi ya Kujiandaa kwa Masomo ya Uzamivu katika Usimamizi wa Utalii na Ukarimu

Wengi wanaotaka kusomea shahada ya uzamivu katika usimamizi wa utalii na ukarimu huanza kwa kuuliza ni chuo gani kina nafasi na ada yake ni kiasi gani. Ushauri wangu ni kwamba maswali hayo yasubiri kwanza. Neno uzamivu linatokana na kuzamia, na ndivyo kazi yenyewe ilivyo: kwa miaka mitatu au minne, na zaidi kwa anayesoma huku ameajiriwa, utaishi na swali moja la utafiti, nalo ndilo litakalokuelekeza kwa msimamizi, kwenye chuo na hata kwa mfadhili.

Swali zuri mara nyingi hutoka kazini. Mtu aliyefanya kazi katika hoteli za Paje au Kiwengwa, pwani ya mashariki ya Unguja, huenda ameona mboga zikishushwa kutoka mbali ilhali vijiji vya jirani vina wakulima. Akiandika kwamba anataka kutafiti "changamoto za utalii Zanzibar", hajapata mada bado, kwa kuwa hapo pana mambo mia. Akiuliza kama mkulima mdogo hushindwa kuiuzia hoteli kwa sababu ya ubora wa mazao, uhaba wake, au kwa sababu hoteli huchelewa kulipa na yeye hana mtaji wa kungojea, hapo ameanza kuzamia. Wanazuoni wameandika kwa miongo kadhaa kuhusu uvujaji wa mapato ya utalii, yaani fedha za mgeni zinavyorudi nje kupitia bidhaa zinazoagizwa, kamisheni za mawakala na faida za wenye mitaji. Kwa hiyo yakupasa uyasome waliyoyasema, kisha uonyeshe kwa ushahidi mahali walipoishia. Ningekushauri utenge miezi sita kwa usomaji huo kabla ya kuandika pendekezo la utafiti. Pendekezo lililoandikwa kwa haraka hujulikana tangu ukurasa wa kwanza.

Ukishapata swali, mtafute mtu kabla ya kutafuta jengo. Soma makala ya wale unaotaka wakusimamie, kisha uandike barua fupi inayoeleza swali lako na jinsi linavyohusiana na kazi zao, kwa sababu barua moja inayotumwa kwa maprofesa ishirini haijibiwi. Nchini Kenya, Chuo Kikuu cha Moi kilichoko Eldoret na Chuo Kikuu cha Kenyatta vina skuli zinazoshughulikia utalii na ukarimu. Nchini Tanzania, msimamizi anayekufaa anaweza kuwa katika idara ya biashara, ya jiografia au ya wanyamapori, kama ilivyo katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, hivyo jina la idara lisikuzuie. Anayekwenda mbali zaidi atambue kwamba Marekani huanza na masomo ya darasani na mtihani mzito kabla ya tasnifu, na wengi husomeshwa kwa kusaidia kufundisha au kutafiti, ilhali Uingereza kwa kawaida mwanafunzi huingia kwenye utafiti wake tangu mwaka wa kwanza.

Ukusanyaji wa data ndio unaowakwamisha wengi, na sababu kubwa ni kalenda. Katika msimu wa wageni wengi, kuanzia Juni hadi Oktoba na tena mwishoni mwa mwaka, meneja hana hata nusu saa ya kukupa; wakati wa masika ana nafasi, lakini baadhi ya hoteli hufungwa na wafanyakazi hupewa likizo. Panga mahojiano na mameneja wakati wa masika na ya wafanyakazi msimu ukianza kuchangamka, na uyafanyie nje ya eneo la kazi, kwani mpishi hawezi kusema ukweli kuhusu mshahara wake karibu na mlango wa mkuu wake. Barua ya ruhusa ya hoteli itafute mapema, hasa kwa hoteli za makampuni makubwa ambazo uamuzi hutoka makao makuu ya ng'ambo. Vibali vya serikali navyo huchukua muda: Kenya hutolewa leseni na NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, mtafiti mgeni huomba COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia ya Tanzania, akitafiti Tanzania Bara, na Zanzibar ina utaratibu wake.

Jambo moja la maadili hupuuzwa mno. Kubadili jina la hoteli kuwa "Hoteli A" hakutoshi ikiwa umetaja pia kijiji, idadi ya vyumba na nchi anakotoka mmiliki wake, maana kila mkazi wa ufuo huo ataitambua, na pamoja nayo atamtambua mhudumu aliyekuamini. Changanya au uondoe maelezo ya aina hiyo, hata kama yanapendeza.

Anza kuandika makala ya jarida mwaka wa pili, bila kungoja tasnifu ikamilike. Miongozo ya Kenya imekuwa ikimtaka mwanafunzi wa uzamivu kuchapisha makala mawili katika majarida yanayopitiwa na wataalamu, na mapitio hayo huweza kuchukua mwaka mzima. Jarida linaloahidi kukuchapisha ndani ya wiki moja ukilipa, liepuke, na kabla ya kutuma popote umuulize msimamizi wako yeye mwenyewe huchapisha wapi.