Boksi la picha za bibi: somo la kutengeneza kitabu cha kumbukumbu

Desemba watu wakirudi Moshi, boksi la viatu lenye picha hutolewa uvunguni. Picha zinapita mkono kwa mkono, vidole vina mafuta ya nyama, kisha zinarudi uvunguni mwaka mzima.

Hatua ya 1. Kabla hujanunua hata gundi, kaa na anayezijua sura hizo, umrekodi kwa simu. Hii ndiyo kazi yenyewe. Usiishie kwenye "huyu nani?", uliza na nguo ni ya nani. Ndivyo nilivyojua kwamba suti ya arusi ya babu iliazimwa, na mwenyewe ndiye yule aliyesimama nyuma na shati tu.

Hatua ya 2. Toa kopi za picha studio. Hizo ndizo za kubandika. Picha asili zitie kwenye bahasha za karatasi. Jina, mahali na mwaka viandikwe kwenye bahasha kabla picha haijaingia, maana wino wa kalamu hutokeza upande wa pili.

Hatua ya 3. Manila inatosha kwa kurasa. Ukurasa mmoja: picha, maelezo yake na kitu kimoja cha kushikika, labda kipande cha kitenge, au jani la isale (mmea ambao Wachaga huutumia kuombea msamaha) alilokuja nalo baba mdogo. Jani likaushwe kwanza kati ya magazeti chini ya kitu kizito, la sivyo litaota ukungu. (Stika za maua mimi siziwezi, ila kila mtu na macho yake.)

Hatua ya 4. Kitabu kikae kabatini, pakavu, mbali na jua.

Maswali ya wanakikundi

*Naweza kubandika kwa uji wa ngano?*
Unashika sana, lakini mende nao wanaupenda.

*Picha za mama zimeganda kwenye albamu ya kurasa za kunata.*
Usivute. Pitisha uzi wa kusafishia meno chini ya picha, polepole. Ikigoma, iache na uipige picha hapohapo ilipo.

*Risiti za mashine zinafutika!*
Maandishi yake hutokana na joto, si wino. Toa kopi leo.

*Babu anasema risiti yake ya kahawa ya KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa Kilimanjaro, ni ya baba yake, ya mwaka 1930. Niandike hivyo?*
KNCU ilianza 1933. Kabla yake kulikuwa na KNPA, chama cha wakulima wa kahawa. Andika alivyosema babu kama alivyosema, na chini yake kwa herufi ndogo andika mwaka wa chama. Usimsahihishe mbele ya wajukuu.