Mbuga, ibushi au ibambasi? Ujue udongo mweusi kabla ya kununua mbolea

Mkulima wa Usukumani akikuambia shamba lake ni mbuga, hazungumzii swala wala watalii. Anamaanisha udongo mweusi wa bondeni, ule unaonata kwenye jembe kama gundi wakati wa masika, kisha kiangazi unapasuka nyufa mpaka mguu wa mbuzi unazama. Sisi wa ugani tuna ugonjwa wetu: tukisikia "mweusi" tunaandika "udongo mzito wenye rutuba", tunapendekeza mbolea, tunapanda pikipiki. Bondeni humo humo kuna udongo mweusi wa namna zaidi ya moja, na dawa ya huu ni sumu ya ule.

Nilijifunza kwa aibu. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilipita shamba la ekari nne kwa zigizaga, nikachota udongo sehemu 15 ndani ya ndoo moja, nikachanganya vizuri kama nilivyofundishwa na kupeleka maabara. Majibu yalikuja ya kawaida tu, sodiamu ya wastani, hakuna la kutisha. Mpunga wa katikati ya bonde ukastawi. Ule wa pembezoni, juu kidogo, ukadumaa na kukauka ncha. Mzee mwenye shamba alinitazama akasema, "Bwana shamba, si ungeniuliza? Pale ni ibambasi, tangu enzi za baba." Nilikuwa nimechanganya udongo wa aina mbili, mbuga na ibambasi yenye magadi, kwenye ndoo moja, na maabara ikanipa jibu sahihi kabisa la udongo ambao haupo popote shambani.

Anzia kilimani, umalizie bondeni

Mwaka 1935 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo wa kituo cha utafiti cha Amani kule Usambara, aliupa jina la katena mfuatano wa udongo unaobadilika kutoka kileleni hadi bondeni. Neno hilo ni la Kilatini, maana yake mnyororo, na leo linafundishwa dunia nzima. Wasukuma lakini walikuwa na jina la kila pingili ya mnyororo huo. Chini ya vilima vya mawe ya matale kuna isanga na luseni, udongo wa kichanga. Ukiteremka unakuta itogolo, mchanga uliokalia tabaka gumu lisilopitisha maji, na ndiyo maana watu huchimba majaluba ya mpunga hapo. Ukizidi kuteremka kuna ibambasi, mgumu kama sakafu na wenye magadi, yaani sodiamu nyingi. Kisha mbuga yenyewe. Ibushi ni mweusi au wa kijivu pia, lakini una chembe nyeupe za chokaa na unalimika kwa urahisi kuliko mbuga.

Kwa hiyo kazi ya kwanza haihitaji kifaa. Tembea na mwenye shamba kutoka juu hadi chini, muulize jina la kila kipande, panaota nini, maji yanasimama wapi na kwa siku ngapi. Chora kwenye karatasi. Simu itakupa alama za mahali. Ramani za mtandaoni ni msaada, lakini usizitegemee peke yake: ile ya dunia ya SoilGrids ina vipande vya mita 250 kwa mita 250, yaani zaidi ya hekta 6 kwa kila kipande. Katika umbali huo mteremko wa Usukumani unaweza kubadilisha udongo mara mbili au tatu.

Shimo

Kila aina iliyopo kwenye mchoro wako ichimbiwe shimo lake, lenye kina cha mita moja na nusu na upana wa kumtosha mtu kuingia. Mimi hupenda Juni au Julai, unyevu ungali chini na sululu inaingia. Kuna methali isemayo udongo uwahi ungali maji, lakini hiyo ni ya mfinyanzi wa vyungu. Mbuga ukiiwahi ingali maji, trekta inalala humo, na shimo linakuwa kisima. Ukichelewa hadi Septemba unapasua matofali. Ukuta wa shimo la mbuga hubomoka bila taarifa, basi usiingie peke yako, na weka miiba kuzunguka ili ng'ombe wasitumbukie.

Safisha upande unaopigwa na jua kwa kisu, kisha soma kutoka juu kwenda chini: rangi, ugumu, mizizi imeishia wapi, chembe za chokaa zinaanzia wapi. Kwenye mbuga ya kweli, kati ya nusu mita na mita moja, utaona nyuso zinazong'aa kama kiatu kilichopigwa rangi, zimelala mshazari na zina michirizi. Hizo ni alama za udongo kusuguana wenyewe kila mwaka, unapovimba kwa maji na kusinyaa kwa jua. Ukiziona, pamoja na nyufa na mfinyanzi wa asilimia 30 au zaidi, unaweza kuuita Vertisoli, jina lake la kitaalamu, bila wasiwasi. Jina hilo lenyewe linatokana na neno la Kilatini la kugeuza: udongo unaojigeuza.

Ibambasi haina nyuso hizo. Utakuta tabaka jembamba juu, halafu ghafla nguzo ngumu zilizosimama wima, vichwa vyake mara nyingi vimeviringika kama mikate. Mizizi ikifika hapo inapinda na kutambaa ubavuni.

Majaribio mawili ya bei rahisi yafanyike papo hapo. Loanisha udongo, ufinyange, usukume utepe kati ya kidole gumba na cha shahada. Utepe ukizidi sentimita 5 bila kukatika, huo ni mfinyanzi. La pili nalipenda zaidi: chukua donge kavu ukubwa wa punje ya mahindi, lidondoshe taratibu kwenye glasi ya maji ya mvua, usikoroge. Subiri saa mbili. Donge likimeguka na maji yakabaki safi, una mfinyanzi wa kawaida. Maji yakiwa kama maziwa kuzunguka donge, shuku sodiamu. Usitumie maji ya kisima, maana chumvi zake zitaficha ugonjwa.

Nyufa zenyewe zipimwe mwisho wa kiangazi. Waya mrefu ulionyooka unatosha: uchomeke hadi ugome, weka alama, pima kwa rula. Fanya hivyo sehemu kumi, uandike na tarehe.

Sampuli za shimo huchukuliwa kuanzia tabaka la chini kupanda juu, ili udongo wa juu usidondokee ule ambao bado hujauchukua. Nusu kilo hadi kilo moja kwa tabaka. Anika kivulini, na lebo iandikwe kwa penseli, kwa sababu wino ukilowa unafutika. Sampuli za kuchanganya za kina cha sentimita 0 hadi 20 bado zina kazi yake ya kupanga mbolea, ila kila aina ya udongo iwe na ndoo yake.

Kuzungumza na maabara

Sampuli unaweza kuzipeleka kwa watafiti wa udongo wa Mlingano, Tanga, au Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Popote unapopeleka, usiseme tu "nipimieni rutuba". Sema ni udongo gani unaoshuku, kwa sababu njia ya kupima hutegemea hilo.

Mfano mkubwa ni fosforasi. Kipimo cha Bray kinafaa udongo wenye uchachu. Ukikitumia kwenye ibushi au mbuga yenye chokaa, ile chokaa inazima asidi ya kipimo, namba inatoka ndogo kuliko hali halisi, nawe unamnunulisha mkulima mbolea ya fosforasi, DAP, asiyoihitaji. Udongo wenye pH ya zaidi ya 7, yaani usio na uchachu, uombewe kipimo cha Olsen.

Mtego mwingine: kwenye udongo wenye chokaa, jumla ya kalsiamu, magnesiamu, potasiamu na sodiamu inaweza kuzidi uwezo wa udongo wa kushika virutubisho, ule unaoandikwa CEC. Usikimbilie kulaumu maabara. Kemikali ya kupimia imeyeyusha chokaa na kuihesabu kama kalsiamu iliyoshikwa na udongo. Kalsiamu hiyo iangalie kwa jicho la tahadhari.

Sodiamu ndiyo namba nisiyowahi kuiruka. Gawanya sodiamu kwa CEC, zidisha kwa 100. Tuseme CEC ni 42 na sodiamu ni 2.1: hiyo ni asilimia 5, lima. Sodiamu ikiwa 6.3 ni asilimia 15, na hapo ndipo udongo unapohesabiwa kuwa wa magadi. Linganisha juu na chini. Shamba linaweza kuwa na asilimia 4 juu na 20 kwenye sentimita 40, na sampuli ya juu peke yake isikuambie lolote.

Wengi hushangaa wakiona kaboni ya mbuga. Rangi nyeusi kama masizi, lakini kaboni mara nyingi ni kama asilimia moja, pengine chini. Weusi ule unatokana na mboji kidogo iliyoshikamana sana na mfinyanzi. Naitrojeni basi bado inahitajika, na samadi bado ni mali.

Mvua iingie kwenye hesabu

Ripoti nyingi za udongo huishia maabara, na hapo ndipo zinapopoteza maana. Milimita 30 za mvua ya kwanza kwenye mbuga iliyopasuka hupitia kwenye nyufa na kulowanisha chini kabla ya juu. Milimita hizo hizo zikinyesha Februari, nyufa zimeshafunga, hazina pa kwenda. Zinasimama.

Tafuta takwimu za mvua za miaka 30 ikiwezekana. Mamlaka ya Hali ya Hewa wanazo za vituo vyao, na kwa vijiji visivyo na kituo kuna CHIRPS, makadirio ya satelaiti yaliyochanganywa na vipimo vya ardhini, yanayoanzia 1981. Gawa mwezi katika siku kumi kumi, kwa sababu wastani wa mwezi huficha kiangazi kifupi cha Januari na Februari, ambacho ndicho kinachoua mahindi ya luseni.

Hesabu ya FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, ni rahisi: kipindi cha kuota mazao huanza mvua inapozidi nusu ya maji ambayo jua na upepo vingeweza kuyavuta. Kama uvukizi wa mwezi ni milimita 150, unahitaji angalau 75. Mvua ikishuka chini ya hapo msimu umekatika, lakini mazao yanaendelea kunywa akiba iliyomo ardhini. Hesabu hiyo huruhusu akiba ya hadi milimita 100. Zao likinywa milimita 4 kwa siku, mbuga iliyoshiba inaongeza siku 25 baada ya mvua kwisha. Luseni haifiki hata nusu ya hapo.

Hapo ndipo unapoelewa kwa nini dengu za Shinyanga hupandwa watu wengine wakivuna. Zinaishi kwa akiba hiyo. Ukiona shimo la mbuga lina mizizi hadi mita moja, sodiamu ya tabaka la chini haifiki asilimia 10 na mvua zinaishia Mei, dengu baada ya mpunga ni ushauri wenye miguu. Mpunga wenyewe nisingeuwekea urea juu ya udongo wa pH 8 usio na maji, maana nusu inaweza kuruka hewani. Ni afadhali urea ifukiwe. Majani machanga yakigeuka meupe-meupe wiki chache baada ya kupandikiza, angalia zinki. Mbolea ya Minjingu ambayo ni mawe ya fosfati yaliyosagwa tu, iwekwe kwenye mashamba yenye uchachu, kwani bondeni kwenye chokaa inakaa bila kuyeyuka.

Na ibambasi? Kwa kweli, sehemu nyingi ningeiacha malisho. Jasi, kama ile ichimbwayo Makanya wilayani Same, huondoa sodiamu, lakini ni lazima kuwe na mfereji wa kuitoa sodiamu hiyo nje ya shamba na maji ya kuisukuma. Bila mfereji unalipia malori tu.

Ukimaliza, nakala moja ya mchoro, picha za shimo na majibu ya maabara vibaki kwa mwenye shamba, si kwenye kabati la ofisi. Fukia shimo kabla ya mvua, udongo wa chini utangulie na wa juu urudi juu, na usishangae mwaka wa kwanza pakititia: jaza tena.